Kwenye Tanuru Hakuna Pole

Watu wazima wenye akili zao, wenye kazi zao na ndevu zilizoanza kuingia mvi, walikuwa wakikutana kila Jumamosi mchana kwenye chumba cha nyuma cha kiwanda kidogo cha uchapaji, kutukanana kwa ajili ya kaseti tano. Ukimsimulia mtu asiyewajua, anakuuliza kama hawana wake. Walikuwa nao, na wake zao ndio waliosema heri huko kuliko baa.

Bendi yenyewe ilikuwa ya watu wanne wenye nywele ndefu kutoka nchi ya baridi, ambao hawakuwahi kukanyaga huku wala hawakujua kama huku kuna anayewasikiliza. Walipiga metali nzito, ule muziki wa magitaa yanayonguruma na mwimbaji anayelia kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Jina lao lilikuwa refu na la kuvunja meno, kwa hiyo kikundi kiliwaita Tanuru, yakaisha. Walitoa albamu tano, wakagombana, kila mmoja akashika njia yake. Majina ya albamu Mwalimu aliyatafsiri kwa kamusi, na toka hapo hakuna aliyeyaita vingine: Jivu, Meno ya Chuma, Shimo, Mfalme Hana Macho, na ya mwisho, Kengele Chini ya Maji.

Kikundi kilikuwa cha watu wanne pia. Mwenye kiwanda, mchapaji wa kadi za harusi na kalenda, aliitwa Wakili, kwa sababu aliitetea albamu ya tano ambayo wapenzi wengine wote wa Tanuru duniani walikwishaitupa jalalani. Mwalimu alifundisha hesabu, na alipenda ya tatu na ya nne kwa zamu maana hakupenda ugomvi. Mzee wa Posta alikuwa mtu wa albamu ya kwanza, na alikuwa amefariki. Kiti chake kilibaki pale pale, na mgeni akitaka kukikalia aliambiwa kina msumari. Wa mwisho ni Nyundo, fundi wa kuchomelea mageti na nondo za madirisha, na habari hii ni yake.

Nyundo alikuwa mtu wa albamu ya pili, Meno ya Chuma, na hakuwa na subira na mtu mwingine yeyote. Kwake hiyo ndiyo albamu, zilizobaki ni makombo. Magitaa mawili yanafukuzana, dramu hazivuti pumzi, na kila wimbo unakwisha kabla hujauchoka.

"Mimi chuma nakijua," alikuwa anasema. "Nakichoma kila siku ya Mungu. Hiki ni chuma. Hiyo yenu ni sufuria."

"Wewe unapenda kelele kwa sababu hiyo kazi imekutia uziwi," Wakili alikuwa anamjibu. "Mtu kama wewe akiimbiwa taratibu anadhani redio imeharibika."

Na kusema kweli, albamu ya tano ilikuwa ngumu kuitetea. Kabla ya kuirekodi, mpiga gitaa wa pili aliondoka kwa hasira. Waliobaki wakaleta kinanda. Mwimbaji aliyekuwa akinguruma akaanza kunong'ona. Dramu zilirekodiwa ovyo, ukizisikia utafikiri mtu anapiga godoro kutoa vumbi. Upande wa pili una wimbo mmoja mrefu kuliko hotuba ya mgeni rasmi, wenye kengele ya kweli inayogongwa mwanzo hadi mwisho, na katikati yake gitaa limepotea sauti, liko chini kidogo ya wenzake, wala hakuna aliyejisumbua kurudia. Wakili aliyajua hayo yote kuliko wao.

"Hasira kila kijana anaiweza," alikuwa anasema. "Hawa walikuwa wamezeeka, wameogopa, wakauimba woga wao mbele za watu. Nitajie mwingine aliyethubutu."

"Si wangeogopea majumbani kwao," Nyundo alikuwa anamaliza.

Walikuwa na sheria. Kaseti ikiwa inapigwa, hakuna kusema. Ikiisha, hakuna adabu. Ni marufuku kumsifia mtu albamu yake kwa sababu ni rafiki yako, au kwa sababu ndiye aliyenunua chai, au kwa sababu ana shida. Wakili aliichapa sheria hiyo kwa herufi nene kwenye kadi ya harusi iliyobaki, yenye maua pembeni, akaibandika ukutani juu ya mashine ya kukatia karatasi: KWENYE TANURU HAKUNA POLE.

Ulikuwa utani tu, mpaka mke wa Nyundo alipofariki. Baada ya mazishi watu walianza kumsemesha kwa sauti ya chini, kama wanaomwamsha mtoto. Pole sana. Jikaze. Kazi ya Mungu haina makosa. Majirani walileta vyakula, akavitazama vikipoa. Wateja wenye mageti nusu nusu walikuja kumwambia asijali, wakati yeye alitamani mmoja tu amgombeze. Jumamosi ikafika, akajikuta amesimama kwenye mlango wa kiwanda cha uchapaji na nguo ile ile ya tangu juzi. Mwalimu alianza kuinuka na uso wa msiba. Wakili hakumpa nafasi.

"Umechelewa," alimwambia Nyundo. "Kaa. Leo tunaisikiliza Meno ya Chuma, na nikimaliza nayo utaizoa kwa koleo."

Aliichambua mpaka jua likashuka. Alisema ni albamu ya watoto wanaokimbizana uani. Alisema mpiga dramu anaharakisha kwa sababu ana tumbo la kuendesha. Nyundo akapandwa na hasira, akabisha, akagonga meza mpaka herufi za risasi za kuchapia zikaruka kwenye masanduku yake, na katikati ya kubisha akaona ameshamaliza nusu mkate na chai ya watu wawili. Njiani kurudi nyumbani ndipo alipolia kilio kilichoshuka mpaka tumboni, na usiku huo alilala. Hakuwahi kumshukuru Wakili. Asante nayo ilikuwa imepigwa marufuku.

Basi Wakili akaanza kuumwa. Kwanza ilikuwa kiungulia, halafu mkanda wa suruali ukaingia tundu moja, likaja la pili, hatimaye akatoboa mwenyewe kwa msumari. Macho yakapata rangi ya karatasi ya zamani. Nyundo alikuwa na pikapu ya kubebea mageti, kwa hiyo yeye ndiye aliyewapeleka hospitali, Wakili na mke wake, na yeye ndiye aliyekuwa amesimama kwenye korido majibu yalipotoka.

"Wewe ni ndugu yake?" daktari aliuliza.

"Ndiyo," Nyundo alisema, na hakuona kama amedanganya.

Daktari akawaeleza yeye na mke wa Wakili kwa upole, akitazama viatu vyake, mgonjwa akiwa bado ndani. Uvimbe ulianzia kwenye kongosho, ukafika kwenye ini, na sasa hakukuwa na la kukata wala la kuchoma. Miezi isihesabiwe. Wampeleke nyumbani, wampe dawa za maumivu, wampe na anachopenda.

Shemeji hakulia. Alimshika Nyundo mkono wa shati, akamvuta mpaka penye dirisha.

"Shem, asijue," alisema. "Tutamwambia ni vidonda vya tumbo. Nakuomba."

"Shemeji, ni mtu mzima yule."

"Hukuwepo baba yake alipofariki. Mimi nilikuwepo, nimeolewa juzi tu. Daktari alimwambia ukweli, na mzee alitoka hospitali kwa miguu yake mwenyewe. Amefika nyumbani akalala, akageukia ukuta. Uji hataki, maji hataki. Wiki haikuisha. Hawa watu wa ukoo huu ukiwaambia kifo kinakuja, wao wanakwenda kukipokea njiani." Akafuta uso kwa upande wa kanga. "Na mtoto yuko kwenye mitihani ya mwisho huko aliko. Akimaliza tu anapanda ndege. Binti amkute baba yake akiwa bado anakula, shem. Hicho tu ndicho ninachotaka. Baada ya hapo Mungu afanye yake."

Nyundo akaapa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa kwenye ile korido. Mwalimu hakuambiwa lolote, kwa sababu Mwalimu ni mtu mwema na mdomo wake hauna mlango.

Kuanzia hapo kesi za Jumamosi zilihamia chumbani kwa mgonjwa. Kilikuwa chumba chembamba chenye kabati moja na dirisha linalotazama kamba ya nguo. Redio ya kaseti iliwekwa juu ya kigoda, ubavuni mwa chupa za dawa. Wakili aliegemezwa mito mitatu, akiwa amevaa sweta wakati wa joto, na bado alikuwa anashambulia. Alikuwa na mipango pia. Akipona hivi vidonda atafungua ile mashine kubwa, abadilishe roli la kupakia wino. Binti akirudi atamfundisha kupanga herufi, hata kama amesomea mambo mengine. Nyundo alikuwa anaitikia, "Naam, roli hilo limekwisha kabisa," na moyo unamchoma.

Kwenye ubishi ndiko alikopata nafuu, maana huko hakuhitaji kuigiza. Aliposema Kengele Chini ya Maji ni takataka alikuwa anasema kweli tupu, na Wakili alikuwa anacheka mpaka anashika ubavu. Shemeji alikuwa jikoni anawasikia. Mara moja alimwambia Nyundo mlangoni, "Mkigombana anakula. Mkiondoka hali. Njoo umgombeze hata katikati ya wiki." Naye akawa anakuja, na mikono bado ina masizi, anamgombeza mgonjwa, anarudi kazini.

Ikaja Jumamosi ambayo Mwalimu alikuwa kwenye kusahihisha mitihani. Nyundo akaja peke yake. Shemeji alimpokea akiwa na uso tofauti. Binti alikuwa amebakiza karatasi ya mwisho, na tiketi ilikwishanunuliwa. "Wiki hii, shem," alinong'ona. "Wiki hii tu."

Chumbani, Wakili alikuwa amepungua tena, kana kwamba kuna mtu anayekuja kila siku kumpunja. Shingo ilikuwa imebaki kamba mbili. Mikono juu ya shuka ilikuwa ya mtu mwingine, mzee. Hata hivyo macho yalikuwa yale yale.

"Weka ya tano," alisema. "Upande wa pili. Leo nataka nikumalize."

Nyundo akaweka. Kengele ikaanza. Wakili akafumba macho na kuanza kufuata dramu kwa kidole juu ya shuka, kama alivyofanya siku zote juu ya meza ya mashine. Zamani kidole kile hakikukosea. Mwalimu aliwahi kusema ungeweza kurekebishia saa. Sasa kilianza vizuri, kikachelewa pigo moja, kikakimbia kulifukuza, kikachelewa mawili. Baadaye kikawa kinainuka tu na kushuka, hakifuati kitu. Wimbo ukaendelea bila yeye. Mdomoni bado alikuwa na tabasamu la mtu anayedhani yuko sawa.

Nyundo alikuwa amewahi kuungua mikono, macho, na mara moja nywele zote za mbele. Hakuna kilichowahi kumuunguza kama kile kidole. Alimwonea huruma mpaka akamsahau ni nani.

Kaseti ikajizima. Wakili akafumbua macho.

"Haya," alisema. "Shambulia."

Nyundo akajikohoza. "Leo nimeisikiliza vizuri," alisema. "Unajua, kaka, pengine ulikuwa na haki. Ni nzuri."

"Nini?"

"Ni nzuri. Pengine ndiyo bora kuliko zote. Asiyekubali kushindwa si mshindani, bwana. Umenishinda."

Uso wa Wakili uling'aa. Kwa muda mfupi alikuwa mtu aliyeshinda kesi ya maisha yake yote, na Nyundo akafurahi, akajiambia kumbe ilikuwa rahisi hivi. Kisha ule mng'ao ukaanza kuondoka, taratibu, tabasamu likabaki halina kitu nyuma yake.

"Na dramu?" Wakili aliuliza.

"Dramu zimetulia."

"Hazilii godoro?"

"Ukizizoea, hapana."

"Kinanda?"

"Kinanda kina mahali pake."

"Na kule katikati, gitaa lililopotea sauti." Wakili alikuwa anasema polepole sasa, kama wakili wa kweli anayemsogeza shahidi ukutani. "Lile umelitukana tangu tuna nywele nyeusi. Ulisema aliyelipiga afungwe. Lile nalo?"

Nyundo aliona mahali anapopelekwa, lakini alikuwa ameshavuka katikati ya mto. "Lina huzuni yake," alisema. "Nadhani walikusudia."

Nje mtu alikuwa anaanua nguo, vibanio vinaangukia kwenye ndoo kimoja kimoja.

"Daktari alisema muda gani?" Wakili aliuliza.

"Daktari gani? Vidonda vya tumbo, kaka, vinataka—"

"Usinitukane, Nyundo."

Nyundo akageukia chupa za dawa, na kwa hilo akawa amesema yote aliyoapa kutoyasema.

Wakili akageuza kichwa kwenye mto, akatazama dari. "Unamkumbuka Mzee wa Posta?" alisema. "Siku zake za mwisho nilikwenda kumwona peke yangu, sikuwaambia. Nilimkuta kama unavyonikuta mimi. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, mzee, nimefikiri sana, albamu ya kwanza ndiyo bora, wewe ndiye uliyekuwa unaona mbali. Unajua alinijibu nini? Alinitazama, akasema, 'Kwa hiyo wameshakwambia.'" Akajaribu kucheka, ikatoka kikohozi. "Mimi ndiye niliyempa habari. Mke wake, watoto wake, kijiji kizima kilikuwa kimemficha, nikaenda mimi na wema wangu. Nikaapa sitamwambia mtu. Nilipaswa kuwaambia. Ningewaambia, leo ungenitukana vizuri."

"Nisamehe," Nyundo alisema.

"Hakuna pole hapa." Akavuta pumzi. "Shemeji yako anajua kuwa najua?"

"Hajui. Aliniomba. Kwa sababu ya mzee wako, na mtoto anakuja. Alitaka umngoje mtoto unakula."

"Basi asijue. Amefanya kazi kubwa kunificha, usimharibie. Ni wewe na mimi."

Mlango wa jikoni ukalia. Hatua za shemeji zikaanza kuja koridoni, na sauti ya kijiko kwenye bakuli. Wakili akamshika Nyundo mkono kwa nguvu ambazo hazikupaswa kuwepo.

"Rudisha maneno yako," alisema. "Haraka. Nitukane."

Nyundo hakuweza.

"Nitukane, bwana. Anakuja."

"Takataka," Nyundo alisema, na sauti ikapasuka. Akaipandisha ili mpasuko usisikike. "Takataka, nimesema! Hilo si gitaa, huyo ni mbuzi anayechinjwa! Na hiyo kengele wangeifunga shingoni mwa aliyeitunga, akapotelea porini!"

"Kiziwi wewe," Wakili alijibu kwa sauti yote iliyokuwa imebaki. "Mchoma mageti. Unajua nini kuhusu muziki?"

Shemeji aliingia na uji, akawakuta mmoja amesimama, machozi yanamtiririka kwa hasira, na mwingine amekunja ngumi juu ya shuka. Akatikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa anatabasamu.

"Nyie watu hamchoki?" alisema. "Shem, unalia kwa ajili ya kaseti?"

"Huyu mumeo anatia hasira," Nyundo alisema.

Wakili alikunywa uji vijiko kadhaa, mbele yao, huku akimtazama mkewe. Aliumeza kama mtu anayelipa nauli. Siku hiyo aliusifu pia, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, na mkewe akafurahi.

Jumapili alikula kidogo. Jumatatu Nyundo alipopita, shemeji alimwambia mgonjwa amekataa kila kitu, labda dawa mpya zinamchafua tumbo. Alikuwa amelala na uso ukutani.

"Ukuta una ubaridi," Wakili alimweleza Nyundo bila kugeuka. "Unanipoza. Hiyo ndiyo sababu tu."

"Shemeji amepika ule uji."

"Najua."

"Mtoto anakuja, kaka. Siku si nyingi. Jitahidi kidogo."

"Najitahidi," Wakili alisema. Baadaye akaongeza, "Sikujua kama ni kazi hivi. Nilikuwa nikidhani napona, kijiko kilikuwa kinapanda chenyewe. Sasa kila kijiko lazima nikinyanyue mimi." Nyundo alijaribu kumtukania albamu. Alianza na dramu. Wakili alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

Alifariki Jumatano asubuhi. Binti alishuka kwenye ndege Ijumaa, na Nyundo ndiye aliyempokea kwa pikapu, kwa sababu hakukuwa na mwingine mwenye gari. Msichana alikuwa na macho ya baba yake. Njia nzima alisema jambo moja tu. "Mama alisema anakula vizuri," alisema. "Jumapili aliniambia kwenye simu anakula vizuri." Nyundo alishika usukani kwa mikono miwili na kutazama barabara.

Wapo watakaosema ugonjwa ule haukungoja ruhusa ya mtu, kwamba kongosho ni kongosho, na wiki ile angekufa hata kama Nyundo angeimba sifa za Meno ya Chuma usiku na mchana. Huenda. Daktari mwenyewe alisema hivyo msibani, na daktari kasoma. Lakini daktari hakuwahi kuuona mgongo wa mtu yule ulivyokaa siku ya Jumatatu. Nyundo aliuona, na hakuna aliyeweza kumwambia kwa hakika ulikuwa wa ugonjwa au wa habari. Hilo ndilo aliloachiwa.

Baada ya mazishi, watu walipoanza kutawanyika na viti vya kukodi vinapandishwa garini, shemeji alimwita pembeni. Alikuwa amebeba ile redio ya kaseti kifuani, waya umezungushwa vizuri, na kaseti ya tano juu yake.

"Chukua," alisema. "Hapa hakuna atakayeisikiliza. Nilijaribu jana, nikashindwa."

"Shemeji, hiyo ni ya mtoto."

"Mtoto hataki. Chukua, shem." Akamwekea mikononi. "Nataka nikushukuru. Uliahidi na ukatunza. Mimi nilikuwa naogopa Mwalimu, naogopa majirani, kila anayeingia namtazama mdomo. Wewe sikukuogopa hata siku moja. Ile Jumamosi mlipogombana nilikuwa jikoni, nikasema moyoni, asante Mungu, huyu mume wangu hajui kitu. Mtu anayejua anakufa hagombani hivyo." Machozi yakamshuka sasa, na bado alikuwa anajitahidi kutabasamu. "Mtoto wake hakumwona. Lakini angalau amekwenda bila kujua. Hilo umenifanyia wewe."

Mtu akishukuriwa hujibu. Nyundo alitafuta neno kichwani kote, na kila alilolishika lilikuwa na moto. Aliinamisha kichwa, akaondoka na redio.

Mwalimu alimpigia simu siku chache baadaye. Alisema ameota ndoto ya Wakili. Alisema amekuwa akiifikiria ile albamu ya tano na, kwa kweli, ukiitazama kwa jicho jingine, si mbaya. Ina busara yake. Nyundo alijua kuwa ni msiba unaosema. Akamjibu ndiyo, ndiyo, akakata.

Jumamosi hiyo hakwenda popote. Alifunga mlango wa karakana mchana, akasogeza kofia ya kuchomelea, akaiweka redio juu ya meza ya chuma katikati ya mageti ya watu. Akaanza na upande wa kwanza. Aliisikiliza kama walivyoapa kusikiliza, bila neno, ameinamisha kichwa, akitaka kwa moyo wake wote iwe nzuri. Alidhani sasa ingekuwa nzuri. Aliamini kifo kingeifanyia hisani hiyo.

Dramu zilikuwa godoro lile lile. Kinanda kilikuwa kinapita mbele ya kila mtu kama mlevi harusini. Akageuza upande wa pili, kengele ikagongwa mpaka ikamchosha, na gitaa likafika pale katikati likashuka chini ya wenzake, pale pale lilipokuwa likishuka siku zote.

Kaseti ikajizima. Nyundo akafuta uso kwa kiganja chenye masizi.

"Takataka," alisema kwa sauti, akangoja ajibiwe.